Vuli ya Wazee: Kijiji cha Nomadani na Historia ya Kuwatunza Wakongwe Nchini Japani

Vuli ya Japani haina uhusiano na mvua za vuli zinazofahamika Afrika Mashariki. Ni ile miezi ya Septemba hadi Novemba ambapo joto la kiangazi hupungua, mpunga hukatwa, na majani ya miti hugeuka rangi kabla ya kupukutika. Kwa karne nyingi majira hayo yamehusishwa na uzee, na sababu zake ni za maisha ya kila siku kuliko za kishairi: chakula kipya kipo ghalani, hewa imetulia kiasi cha kumruhusu mzee kutoka nje, na mbele yake kuna baridi ambayo, katika nyumba za mbao zisizo na joto, iliwachukua wazee wengi kuliko majira mengine yoyote. Jamii iliyotaka wazee wake wauone mwaka mpya ililazimika kuianza kazi hiyo mapema, kabla theluji haijafunga njia. Historia ya kazi hiyo, hasa tangu mwaka 1947, inaonyesha kwamba sikukuu, zawadi na hata sheria zilipatikana bila taabu kubwa, ilhali jambo lililowafaa wazee zaidi, yaani kuwepo kwa mtu wa kumfuata mzee nyumbani kwake na kumfikisha walipo wenzake, lilibaki mikononi mwa vijiji, wauguzi na majirani, na mara nyingi halikuhesabiwa kuwa kazi.

Mizizi ya kale ya desturi hii ilitoka China, ambako siku ya tisa ya mwezi wa tisa katika kalenda ya mwandamo, iitwayo Chongyang, watu walipanda vilima na kunywa pombe iliyotiwa krisanthemu, ua la vuli lililoaminika kurefusha maisha. Siku hiyo ilipoingia katika kasri la watawala wa Japani iliitwa Chōyō, na katika enzi ya Heian, iliyoanza mwaka 794 na kwisha 1185, ikapata desturi ya pekee: usiku wa kuamkia sikukuu maua ya krisanthemu yalifunikwa kwa nyuzi laini za hariri zilizochambuliwa mithili ya pamba, na asubuhi nyuzi hizo, zikiwa zimelowa umande na kushika harufu ya maua, zilitumiwa kufutia uso na mwili ili kuufukuza uzee. Mwandishi Murasaki Shikibu, aliyekuwa mhudumu wa malkia, anaeleza katika shajara yake ya mwaka 1008 jinsi alivyoletewa nyuzi hizo kama zawadi kutoka kwa mke wa Fujiwara no Michinaga, mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote kasrini wakati huo. Ilikuwa tiba ya wenye nacho, na ni vigumu kumfikiria mkulima wa zama hizo akitandaza hariri juu ya maua. Lakini hata katika anasa hiyo ipo dalili ya jambo litakalojitokeza tena na tena, kwamba dawa ya uzee ilikuwa pia salamu iliyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. China yenyewe iliirudia siku hiyo kwa maana mpya mwaka 1989 ilipoitangaza kuwa siku ya wazee, na sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013 ikaithibitisha.

Hadithi nyingine inayotajwa na Wajapani wanapoeleza asili ya siku yao ya wazee inamhusu Genshō, mmoja wa wanawake waliotawala nchi hiyo. Mwaka 717 alisafiri hadi jimbo la Mino, katika mkoa wa sasa wa Gifu, akaoga katika chemchemi iliyosifiwa kuponya maradhi na kurudisha ujana, na aliporejea akabadili jina la enzi yake kuwa Yōrō, ambalo maana yake ni kuwatunza wazee, akaamuru wakongwe wapewe vyeo na zawadi kwa kadiri ya umri wao. Baadaye masimulizi yaliongeza kijana maskini ambaye, kwa ajili ya wema wake kwa baba yake mzee, alikuta maji ya maporomoko ya hapo yamegeuka pombe ya mchele. Pembeni ya hadithi hiyo tamu kuna nyingine chungu, ya mlima Obasute ulioko mkoani Nagano, ambako inasemekana wana waliwabeba wazazi wao mgongoni na kuwaacha wafe ili kupunguza midomo ya kulisha. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo liliwahi kuwa desturi ya nchi nzima, na katika masimulizi mengi mwana hushindwa kumwacha mama yake, humficha nyumbani, na hatimaye akili ya mama huyo huiokoa nchi kutoka kwa mtawala mwenye mafumbo. Hata hivyo hofu hiyo haikufa, kwa kuwa riwaya ya Fukazawa Shichirō ya mwaka 1956 iliyojengwa juu yake ilitengenezwa filamu mara mbili, na ile ya Imamura Shōhei ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1983.

Kati ya mkulima na umaskini huo alisimama mwana wa kwanza. Sheria ya Kiraia ya mwaka 1898 iliuandika katika vitabu utaratibu uitwao *ie*, yaani nyumba kama ukoo unaoendelea, ambapo mkuu wa nyumba, kwa kawaida mwana wa kwanza, alirithi mali yote na pamoja nayo mzigo wa kuwalisha wazazi hadi kifo. Katika sehemu nyingi za mashambani mzee aliyekabidhi uongozi alihamia katika kijumba kidogo ndani ya boma lilelile, akawa karibu na wajukuu lakini mbali kidogo na amri za nyumba, mpango ambao kwa macho ya leo unaonekana kuwa wa busara kuliko sheria iliyouzunguka, kwa kuwa mzigo halisi wa kumwosha, kumlisha na kumwinua mzee ulimwangukia mke wa mwana, ambaye sheria haikumpa chochote. Baada ya Japani kushindwa katika Vita vya Pili vya Dunia, Sheria ya Kiraia iliandikwa upya na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1948, ikifuta utaratibu huo na kuwapa watoto wote wa ndoa haki sawa ya urithi. Uhuru huo ulistahili kupongezwa, lakini uliacha swali ambalo halikuwa na jibu katika kifungu chochote, la nani sasa angekuwa na wajibu wa kwanza kwa mzee.

Swali hilo lilikuwa likielea hewani pale kijiji cha Nomadani, kilichokuwa katika mabonde ya mkoa wa Hyōgo na ambacho leo ni sehemu ya mji wa Taka, kilipoandaa mkutano wa wazee tarehe 15 Septemba 1947. Mwenyekiti wa kijiji, Kadowaki Masao, aliona kwamba wazazi waliowapeleka wana wao vitani, wengine wasirudi, walikuwa wamechoka rohoni kuliko mwilini, na kwamba kijiji kilichokuwa kikijijenga upya kilikuwa kikiuacha kando ujuzi wao. Kwa hiyo mkutano ulikuwa na makusudi mawili yaliyofungamana, kuwapumzisha wazee na kuazima busara yao katika ujenzi wa kijiji. Tarehe ilichaguliwa kwa hesabu ya mkulima: katikati ya Septemba kazi za shamba hupungua kidogo kabla ya pilika za mavuno, jua haliunguzi tena, na hadithi ya Yōrō nayo ilikuwa ikihusishwa na siku hizo.

Walioalikwa walikuwa wote wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Msomaji wa leo anaweza kushangaa mtu wa miaka 55 kuitwa mzee, lakini takwimu za Japani za mwaka huohuo zilionyesha kwamba mtoto wa kiume alitarajiwa kuishi miaka 50 tu na wa kike karibu 54, kwa hiyo aliyefika 55 alikuwa amekwisha kuvuka umri ambao wengi hawakuufikia. Kijiji kilituma vigari vya magurudumu matatu vya kubebea mizigo vilivyoendeshwa kwa injini, vikazunguka kuwachukua waliokaa mbali au wasioweza kutembea, wakafikishwa kwenye ukumbi, wakalishwa na kutumbuizwa. Hapo ndipo penye uzito wa tukio zima. Karamu ingeweza kuandaliwa na tajiri yeyote, na hotuba ingeweza kusomwa na ofisa yeyote, lakini gari la mizigo lililosimama mbele ya mlango wa mjane, katika mwaka ambao chakula na mafuta vilikuwa haba nchi nzima, lilikuwa uamuzi wa kijiji juu ya matumizi ya kitu adimu.

Kutoka hapo siku ilisafiri upesi. Sheria ya sikukuu za taifa ya mwaka 1948 iliweka Siku ya Watoto na Siku ya Utu Uzima, ile ya vijana wanaofikia umri wa kujitegemea, lakini haikuwa na siku ya wazee, na Nomadani ikaamua kujitangazia sikukuu yake yenyewe huku Kadowaki akizishawishi wilaya jirani. Mkoa wa Hyōgo uliikubali mwaka 1950, mwaka uliofuata baraza kuu la ustawi wa jamii likaieneza nchini likiongeza juma zima la shughuli hadi tarehe 21, na mwaka 1966 ikawa sikukuu rasmi ya mapumziko kwa jina la Keirō no Hi, Siku ya Kuwaheshimu Wazee. Msomaji anayeijua Siku ya Wazee Duniani inayoadhimishwa tarehe 1 Oktoba, kutokana na azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1990, atatambua kwamba Japani ilikuwa imetangulia kwa takriban robo karne.

Lakini wakati siku ikipanda daraja, vijiji vilikuwa vikiishiwa watu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 treni maalumu zilikuwa zikiwachukua vijana waliomaliza shule ya kati, wenye umri wa miaka 15, na kuwapeleka viwandani Tokyo na Osaka. Katika mikoa ya theluji ya kaskazini mashariki, wanaume waliobaki nao walikuwa na msimu wao wa kuondoka: mpunga ukishavunwa, walifunga mizigo na kwenda kufanya vibarua vya ujenzi mijini hadi masika, utaratibu ulioitwa *dekasegi*, na sehemu kubwa ya barabara na majengo yaliyoipendezesha Tokyo kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Oktoba 1964 ilitokana na mikono hiyo. Vuli, ambayo ilipaswa kuwa majira ya kukutana, ikawa kwa mashambani majira ya kuagana. Magazeti ya miaka ya 1960 yaliupa kilimo kilichobaki jina la utani la kilimo cha watu watatu, yaani babu, bibi na mama, na mara nyingi hao ndio walioachiwa theluji ya paa, kuni, watoto na ng'ombe kwa miezi mitano.

Kijiji cha Sawauchi, mkoani Iwate, kilikuwa mojawapo ya vijiji hivyo. Theluji yake hupita kimo cha mtu, na katika miaka ya 1950 iliwafungia wakazi ndani kwa miezi mingi bila njia ya kumfikia daktari. Kati ya kila watoto elfu waliozaliwa, karibu 70 hawakufikisha mwaka mmoja. Fukasawa Masao alipochaguliwa kuongoza kijiji mwaka 1957 aliyataja matatizo matatu, theluji, maradhi na umaskini, akaanza na la kwanza kwa kununua katapila la kusafishia barabara wakati wa baridi, kwa kuwa hospitali isiyofikika ni jengo tu. Kisha, mwezi Desemba 1960, kijiji kikafuta malipo ya matibabu kwa wenye miaka 65 na zaidi, na mwaka uliofuata kikashusha umri huo hadi 60 na kuwaongeza watoto wachanga. Serikali ya mkoa ilionya kwamba hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria ya bima ya afya, naye Fukasawa akajibu kwamba huenda inakiuka sheria hiyo lakini haikiuki katiba, ambayo ilimhakikishia kila raia maisha ya kibinadamu. Wauguzi wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba, wazee waliokuwa wakificha maradhi ili wasiwagharimu wana wao wakaanza kuonekana kliniki, na mwaka 1962 hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyekufa kijijini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kijiji wala mji wowote wa Japani.

Mfano huo ulipanda ngazi hadi Tokyo mwaka 1969, na tangu Januari 1973 matibabu ya wenye miaka 70 na zaidi yakawa bure nchi nzima. Kilichotokea baadaye hukumbukwa kama funzo la fedha, kwa maana gharama zilipaa, na mwaka 1983 malipo madogo yakarudishwa. Lakini kina upande mwingine unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Vyumba vya kungojea daktari viligeuka kuwa baraza, wazee wakifika asubuhi mapema, wakishika nafasi zao za kila siku na kuulizana hali, hata vikazuka vichekesho kuhusu mzee aliyekosekana hospitalini kwa sababu siku hiyo alikuwa mgonjwa kweli. Wengine walilazwa miezi na miaka bila ugonjwa unaohitaji kitanda, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuwatazama. Wachambuzi waliyaona hayo kuwa matumizi mabaya ya huduma, na kwa hesabu za hospitali walikuwa na haki. Ila wazee hao walikuwa wakitafuta mahali pa kukutana na watu, na nchi iliyowalipia dawa haikuwa imewapa mahali hapo.

Mkoa wa Nagano, ulio milimani na wenye mlima wa Obasute, ulifuata njia ya polepole ambayo historia imeipa haki. Daktari Wakatsuki Toshikazu alifika katika hospitali ndogo ya Saku mwezi Machi 1945, na muda si mrefu akaanza kwenda vijijini na wenzake kupima watu, na baada ya kazi madaktari na wauguzi walewale walipanda jukwaani kuigiza michezo ya kuchekesha kuhusu minyoo, shinikizo la damu na aibu ya kwenda kwa daktari, kwa kuwa aligundua kwamba mhadhara uliwalaza watu usingizi. Mwaka 1959 kijiji cha Yachiho kilianza kuwapima wakazi wake wote kila mwaka na kuziandika afya zao katika madaftari. Sambamba na hayo, katika kijiji cha Takaho, ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Suzaka, wanawake walikuwa wamejitolea tangu mwaka 1945 kumsaidia muuguzi wa kijiji, na mpango huo ulienea mkoa mzima kwa zamu za muda mfupi, hata baada ya miaka mingi ikawa vigumu kupata nyumba ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mjumbe wa afya.

Adui wao mkubwa alikuwa kiharusi, na kiharusi cha Nagano kilikuwa na mizizi katika jikoni ya vuli. Mwezi Novemba, baada ya umande kuganda mara ya kwanza, familia huvuna majani marefu ya mboga iitwayo *nozawana*, jamii ya figili na tanipu, huyaosha kwa maji baridi au katika chemchemi za maji ya moto, huyapanga tabaka kwa tabaka katika mapipa, kila tabaka likinyunyiziwa chumvi, kisha huyakandamiza kwa mawe mazito. Hiyo ilikuwa mboga ya miezi yote ya theluji, na pia ilikuwa kitafunwa cha lazima pale wazee walipotembeleana kunywa chai, kwa maana mgeni aliwekewa sahani ya majani hayo na kikombe chake hakikuachwa kikauke. Kumwambia bibi aache chumvi kulikuwa karibu sawa na kumwambia aache wageni. Wajumbe wa afya walilijua hilo, kwa sababu nao walikuwa na mapipa yao, na katika kampeni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibeba vipimo vidogo vya chumvi kutoka mlango hadi mlango, wakapima supu ya kila nyumba, wakashauri kupunguza chumvi ya mapipa na kuongeza mboga ndani ya supu ili mchuzi upungue, bila kuigusa desturi yenyewe ya chai. Walihimiza pia kila nyumba iwe walau na chumba kimoja chenye joto ambamo mzee angelala, kwa kuwa kuamka usiku kutoka kitandani penye joto na kutembea katika ukumbi wenye baridi kali kulipandisha shinikizo la damu ghafla. Nagano, iliyokuwa miongoni mwa mikoa yenye vifo vingi vya kiharusi, ilishika nafasi ya kwanza nchini kwa umri wa kuishi wa wanaume mwaka 1990, na mwaka 2010 kwa wanaume na wanawake pia.

Shughuli nyingine ya vuli iliwalinda wazee bila hata wao kujua. Tangu mwaka 1962 wanafunzi wa Japani walichanjwa shuleni dhidi ya homa ya mafua makali kabla ya baridi kuanza, kwa fikra kwamba shule ndizo zinazosambaza ugonjwa huo mjini na kijijini. Wazazi waliruhusiwa kukataa kuanzia mwaka 1987, na mwaka 1994 mpango ukasimamishwa kabisa, kwa hoja kwamba haukuonekana kuwafaa watoto wenyewe kiasi cha kutosha. Mwaka 2001 watafiti walichapisha katika jarida la kitabibu la New England uchambuzi wa vifo vya miongo mingi, wakakadiria kwamba chanjo za watoto zilikuwa zikizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kwa mwaka, sehemu kubwa vikiwa vya wazee. Mjukuu aliyekunja uso mbele ya sindano alikuwa akimkinga bibi yake aliyekaa naye chumba kimoja. Kuanzia mwaka huohuo wa 2001 wazee wenye miaka 65 na zaidi wakaingizwa wenyewe katika chanjo za kawaida zinazotolewa kila vuli, hatua ya lazima katika nchi ambayo wajukuu na mabibi walikuwa wakitengana: mwaka 1980 nusu ya kaya zenye mzee zilikuwa na vizazi vitatu chini ya paa moja, na siku hizi hazifiki moja ya kumi.

Heshima ya serikali ilibaki katika kikombe. Tangu mwaka 1963 kila anayefikisha miaka 100 hupewa wakati wa siku hiyo ya Septemba kikombe cha fedha cha kunywea pombe ya mchele pamoja na barua ya pongezi kutoka kwa waziri mkuu. Mwaka wa kwanza wakongwe waliofikia umri huo nchini kote walikuwa 153. Mwaka 1998 walipita 10,000 na mwaka 2024 walikuwa 95,119, wengi mno kati yao wakiwa wanawake, na ukarimu ukagongana na bajeti: kikombe kilipunguzwa kipenyo mwaka 2009, na tangu 2016 si fedha tupu tena bali ni metali nyingine iliyopakwa fedha. Aibu kubwa zaidi ilitokea mwaka 2010, pale maofisa walipokwenda kumpongeza mwanamume aliyedhaniwa kuwa mkongwe kuliko wanaume wote wa Tokyo na ikagundulika kwamba alikuwa amekufa chumbani mwake kiasi cha miaka 30 nyuma, huku pensheni yake ikiendelea kupokewa. Ukaguzi uliofuata ulikuta katika daftari za familia zaidi ya watu 230,000 wenye miaka 100 au zaidi ambao hawakujulikana walipo, wengi wao wakiwa marehemu wa vita na uhamaji ambao hakuna aliyewafuta. Taifa lilikuwa na tarehe, kikombe na barua, lakini lilikuwa limekosa mtu wa kubisha hodi.

Hata tarehe yenyewe haikusalimika. Sheria iliyokusudia kuwapa wafanyakazi mapumziko marefu iliihamisha sikukuu kwenda Jumatatu ya tatu ya Septemba kuanzia mwaka 2003, na vyama vya wazee vikalalamika kwamba siku iliyotoka kijijini ilikuwa ikigeuzwa wikendi ya utalii. Ili kuwatuliza, tarehe 15 ikabakizwa katika sheria ya ustawi kwa jina la Siku ya Wazee, bila mapumziko.

Wakati huo upweke ulikuwa umekwisha kuwa suala la mijini. Baada ya tetemeko la ardhi la Kobe la Januari 1995, wazee waliohamishiwa katika nyumba za muda kwa kura, mbali na majirani wa zamani, walianza kukutwa wamekufa peke yao, na Wajapani wakalizoea neno *kodokushi*, kifo cha upweke. Katika mji wa Matsudo, jirani na Tokyo, lipo eneo la majengo ya ghorofa liitwalo Tokiwadaira lililofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya familia changa. Mwaka 2001 mkazi mmoja aligunduliwa humo miaka mitatu baada ya kufa, kodi ikiwa imeendelea kukatwa benki hadi akiba ilipokwisha. Chama cha wakazi kilianzisha doria ya majirani, kikawaomba wasambazaji wa magazeti watoe taarifa magazeti yakirundikana mlangoni, na mwaka 2007 kikafungua chumba cha kupumzikia ambapo mtu alilipa yeni 100, akanywa kahawa na kukaa apendavyo. Takwimu za kwanza za polisi kwa mwaka mzima, zile za 2024, zilihesabu zaidi ya watu 76,000 waliofia peke yao nyumbani, zaidi ya robo tatu yao wakiwa na miaka 65 au zaidi.

Dalili ya njia nyingine ilikuwa imetoka mji wa Kōchi, kisiwani Shikoku, mwaka 2002. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa mji huo walitunga mazoezi mepesi ya kukaa kitini, mtu akijifunga mkononi au mguuni mkanda wenye vijiti vya chuma vinavyoongezwa kimoja kimoja hadi kufikia kilo 2.2, akiinua na kushusha polepole kwa kuhesabu kwa sauti na wenzake. Viti hupangwa na wakazi wenyewe, wakazi ndio huongoza, na kazi ya mji ni kufundisha mwanzoni na kurudi mara chache kupima maendeleo. Mahali huchaguliwa pale ambapo mzee anaweza kufika kwa miguu, iwe ukumbi wa mtaa, hekalu au ghala. Mazoezi hayo yalienea katika miji na wilaya nyingi za Japani. Janga la korona lilipofuta mikutano ya wazee ya Septemba mwaka 2020, na halmashauri kadhaa zikaamua baadaye kutoirudisha na kutuma vocha za manunuzi kwa posta, vikundi vya mazoezi ya kitini vilianza upya kimojakimoja, madirisha yakiwa wazi na viti vikiachiana nafasi, na aliyekosa wiki mbili mfululizo alipigiwa simu na aliyekaa kiti cha jirani.